Waliopelekwa Australia hawakufungwa selo maisha

Wapo wanaodhani kwamba wafungwa waliosafirishwa na Uingereza kwenda Australia walifungiwa selo hadi kufa. Hapana. Wengi walifanyishwa kazi za sulubu, na kifungo kikiisha waliachiwa huru. Chukua James Ruse, mkulima wa Cornwall. Mwaka 1782 alihukumiwa kunyongwa kwa kuvunja nyumba na kuiba, saa mbili za fedha zikiwemo. Adhabu ikapunguzwa kuwa miaka 7 ng'ambo, na kwanza ilitajwa Afrika! Aliishia kusota kwenye meli-gereza pale Plymouth, kisha akapakiwa meli ya Scarborough na kufika Sydney Januari 1788.

Kifungo kilipokwisha, Arthur Phillip, gavana wa koloni hilo, alimpa shamba la majaribio huko Parramatta, karibu na Sydney, na mwaka 1791 akamilikishwa rasmi ekari 30, mfungwa wa kwanza kupata hati huko. Alistahili kabisa. Afisa Watkin Tench aliandika maelezo ya Ruse mwenyewe: alichoma magogo, akafukia majivu, akalima kwa jembe la mkono kidogo kidogo kila siku, akavunja mabonge na kuzika majani yaoze, wakati shamba la serikali lilikwanguliwa juu juu tu. Alikufa huko huko mwaka 1837.

Ila msidhani wote walifika hapo: waliorudia makosa walichapwa viboko au kupelekwa kisiwa cha mbali cha Norfolk kuadhibiwa zaidi. Na ardhi hiyo aliyogawa gavana ilikuwa ya Waburramattagal, wenyeji wa asili wa Parramatta, ambao hawakuulizwa.