Maswali na Majibu: Mtoto Anapoonewa na Wenzake Shuleni

Swali: Mwanangu wa miaka tisa huumwa tumbo kila asubuhi ya masomo, lakini Jumamosi ni mzima. Nikimuuliza, husema hamna kitu. Je, anaonewa?

Jibu: Inawezekana, ingawa tumbo peke yake si ushahidi, na ni vyema daktari amwone kwanza. Angalia pia daftari lililochanwa, vifungo vilivyong'oka, njaa isiyo ya kawaida anaporudi, au mazoea ya kukimbilia chooni mara tu anapofika nyumbani, kwa maana vyoo vya shule ni mojawapo ya sehemu ambazo watoto huviziwa, mbali na macho ya walimu. Usimkalishe na kumhoji kama mtuhumiwa. Kunjeni nguo pamoja, kisha umuulize ni sehemu gani ya shule asiyopenda kupita. Swali la mahali hujibika kwa wepesi kuliko swali la mtu, kwa kuwa halimfanyi ajione mchongezi.

Swali: Mume wangu anataka mtoto afundishwe kurudisha ngumi. Mimi sikubali. Nani yuko sahihi?

Jibu: Ninakuunga mkono wewe, japo uchungu wa baba ninauelewa. Mtafiti Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza suala hili katika miaka ya 1970, alitofautisha uonevu na ugomvi wa kawaida kwa mambo matatu: hufanywa kwa makusudi, hurudiwarudiwa, na anayeonewa huwa amezidiwa nguvu. Hilo la tatu ndilo linaloubomoa ushauri wa ngumi, kwani tunamtuma aliyezidiwa akapambane na waliomzidi, na mwalimu akitokea huenda akaiona ngumi ya pili tu. Afadhali afanye mazoezi nyumbani ya kusema "Niache!" kwa sauti ya kusikika na kuondoka kuelekea walipo watu wazima. Tena asaidiwe kupata japo rafiki mmoja wa kuwa naye wakati wa mapumziko. Katika utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2001, mwanafunzi mwenzao alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya matukio yalikoma ndani ya sekunde 10.

Swali: Nianze na mwalimu, au niende kwa wazazi wa mtoto anayemwonea wangu?

Jibu: Anza na mwalimu wa darasa, baada ya kumweleza mtoto wako unachokusudia kufanya, maana mtoto aliyekuamini kwa siri hapaswi kushtukizwa na kikao. Ukienda na kauli kwamba "anateswa kila siku", utajibiwa kwamba watoto ndivyo walivyo. Nenda na maandishi: "Jumanne, saa nne, nyuma ya darasa, walimnyang'anya begi wakalimwaga vitu, wawili waliona." Kabla ya kuondoka, uliza ni nani atakayesimamia eneo hilo na mtakutana tena tarehe gani. Tarehe hiyo ikipita bila hatua, mwandikie mwalimu mkuu, ubaki na nakala, kisha ufike kwenye kamati au bodi ya shule. Akiwa ameumizwa, ametishiwa maisha au amedhalilishwa kingono, usisubiri ngazi hizo: mpeleke hospitali na uripoti polisi siku hiyohiyo. Ama wale wazazi wengine, waitwe na shule yenyewe, kwa sababu ziara ya mlangoni mara nyingi huzaa ugomvi wa watu wazima, na watoto wakasahaulika.

Swali: Binti yangu anatukanwa katika kundi la WhatsApp la darasa. Nimnyang'anye simu?

Jibu: La. Atahisi ameadhibiwa kwa kosa la wenzake, na siku nyingine atakuficha. Pigeni picha za skrini zinazoonyesha majina na tarehe kabla ujumbe haujafutwa, msijibu matusi, zuieni namba zinazomsumbua, kisha mzipeleke picha hizo kwa mwalimu wa darasa hata kama matusi yalitumwa usiku, kwa sababu wanaoyaandika ndio atakaoketi nao darasani asubuhi.