Asilimia ya kidole si asilimia ya kazi

Wiki hii ni waliojeruhiwa Kenya, kazini na barabarani.

Msumeno wa kiwandani ulinikata kidole cha shahada. Daktari ameandika ulemavu wa asilimia 10. Mshahara ni shilingi 20,000. Nitalipwa ngapi?

WIBA, sheria ya 2007 ya fidia kwa walioumia kazini, huhesabu mshahara wa miezi 96: 20,000 mara 96 ni 1,920,000, na asilimia 10 yake ni 192,000. Ila hukutaja kazi yako, na bila shaka hata ripoti haijaitaja. Jedwali la sheria hupima mwili tu. Bawabu aliyepoteza kidole hicho atarudi langoni. Fundi cherehani hawezi tena kuongoza kitambaa chini ya sindano. Ndiyo maana Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini anaruhusiwa kuongeza asilimia pale kazi yenyewe inapozidisha madhara. Hataongeza kwa kukisia. Ripoti iseme ni mkono unaoutumia zaidi au la, kiungo kinakunjika nyuzi ngapi, na nguvu ya kukamata ni kilo ngapi kwa kila mkono, ikipimwa mara tatu. Vipimo vikipishana sana utaambiwa unajilegeza makusudi. Irudishe ripoti ikajazwe.

Mkono ungali kwenye plasta. Nipimwe sasa nilipwe upesi?

Usithubutu. Ulemavu wa kudumu hupimwa jeraha likishatulia. Ukiharakisha, kiungo kitakachokakamaa baadaye hakitaingia kwenye hesabu. Kwa sasa dai malipo ya muda. Hakikisha mwajiri amepeleka taarifa ndani ya siku 7, na dai lako liingie kabla ya miezi 12 tangu ajali.

Nimshtaki mwajiri mahakamani moja kwa moja?

Hapana, kwa mara ya mia. Kifungu cha 16 cha WIBA kimeifunga njia hiyo, na Mahakama ya Juu ikakiunga mkono Desemba 2019. Uamuzi wa Mkurugenzi usipokuridhisha, mpelekee pingamizi la maandishi ndani ya siku 60.

Nauza mboga, sina hati ya mshahara. Matatu ilinigonga.

Hiyo si WIBA, ni kesi ya madai, na una miaka 3. Leta taarifa ya M-Pesa, risiti za ada ya soko na daftari la mauzo. Ukienda mikono mitupu, hakimu huenda akashika kima cha chini cha mshahara. Gharama za matibabu ni risiti kwa risiti. Daktari wa bima naye atakupima: mweleze yale yale uliyomweleza wa kwanza. Na yule dalali anayeuza ripoti za daktari pale nje ya hospitali mpite. Daktari aliyeandika ripoti anaweza kuitwa kizimbani, na wakili wa bima ataanza kwa kumwomba faili lako la matibabu.