Jibu: Mrudi Paje, au mbadilishe ufuo?

Jambo yaya. Unauliza kama Desemba mrudi Paje, Zanzibar, kwa sababu Julai watoto waliipenda sana. Faida ni kweli: nyumba mnaijua, bei ya teksi mnaijua, na toka Lubumbashi ni mbali, hakuna siku ya kupoteza mkiulizauliza.

Ila mbele ya kununua tiketi, angalia mwezi wa angani. Paje maji hupwa mbali sana. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, watoto hukosa pa kuogelea kwa saa kadhaa. Wiki moja baadaye ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inapungua. Kama Julai mliangukia maji mafu, mkirudi kwenye bamvua mtadhani ufuo umeharibika, kumbe ni tarehe tu. Upepo nao utakuwa kaskazi, wa kutoka kaskazini, si kusi wa kutoka kusini, na mwanzo wa Desemba mvua za vuli bado zinaweza kunyesha.

Kama kuogelea ndiyo sababu, laleni Paje siku tatu, zinazobaki Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa kisiwa: kule maji hayaendi mbali hivyo. Na ile bima ya lazima ya wageni wa Zanzibar mliyolipa Julai hudumu siku 92, mtalipa nyingine. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msisahau.