Povu jeupe juu ya bwawa la sato

SWALI: Nina bwawa la sato Buswelu, Mwanza. Tangu mvua zianze, tawi la mpera linaloinamia maji limeota bonge la povu jeupe, kubwa kama chungwa. Jirani anasema ni mate ya wadudu, mke wangu anasema ni vyura wa matete. Nilitumbukize majini ili samaki wapate kula?

JIBU: Hapana, liache. Mate ya wadudu ni kidonge kidogo kwenye kikonyo. Ukikipangusa unamkuta mdudu ndani. Bonge kama lako ni kiota cha chura wa povu, jenasi Chiromantis. Mkeo amekaribia, ila vyura wa matete ni familia nyingine, Hyperoliidae, na wengi wao hutaga kwenye utelezi mtupu, bila povu. Chiromantis ni wa Rhacophoridae, familia ambayo sehemu kubwa ya ndugu zake wako Asia. Ukimpata, tazama mkono: vidole viwili vya ndani hukabiliana na viwili vya nje, hivyo hushika kijiti kama koleo.

Kiota hutengenezwa usiku. Jike hutoa majimaji, akayapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yaumuke kama ute wa yai, huku madume kadhaa wakigombea nafasi ya kumwaga mbegu. Kazi hiyo humkausha, kwa hiyo hushuka majini kunywa kwa ngozi, kisha hurudi kuendelea. Nje povu hukauka likawa ganda, ndani mayai hubaki na unyevu na hewa. Ndiyo maana kulitumbukiza ni kuliharibu: ganda hulowa, povu husambaa, mayai yasiyokomaa huliwa.

Chura mwenyewe huvumilia jua kwa namna ambayo vyura wachache wanaweza. Ngozi hugeuka karibu nyeupe, na taka zake hutoka kama asidi ya yuriki, uji mzito usiopoteza maji mengi.

Baada ya siku 4 hadi 6 hivi, upande wa chini hulainika na viluwiluwi hudondoka. Sato wako watakula wengi wao, na samaki hawadhuriki. Ukitaka viluwiluwi wapone, kata tawi zima bila kubonyeza povu, ulifunge kivulini juu ya beseni la maji ya mvua yenye kina cha sentimita 15. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima kwanza, klorini itoke. Usilinyunyizie kitu.