Kosa la mtambo au uchafu wa mfukoni? Namna ninavyokagua noti ya dola

Tangu jamaa wajue kwamba nakusanya noti, kila mwenye dola yenye doa hunitafuta akitaka kujua ina thamani gani. Nyingi zina thamani ileile iliyoandikwa juu yake, na hapa Dar kuna maduka ya kubadilishia fedha yatakayoikataa kwa sababu ya doa hilohilo. Kinachoweza kuipandisha thamani ni kosa la uchapaji, kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize: hili lingetokeaje kiwandani?

Jifunzie kwenye noti ya dola 1. Huchapwa kwenye karatasi kubwa yenye noti nyingi: kwanza mgongo wa kijani, kisha uso wenye picha ya George Washington, mwisho namba na mihuri. Kosa la kweli hufuata mpangilio huo. Ipo noti maarufu ya dola 20 iliyochapwa ikiwa na stika ya ndizi ya Del Monte. Stika iliangukia karatasi baada ya uso kuchapwa, kabla ya namba, kwa hiyo muhuri na namba vimepita juu yake. Ndiyo maana hakuna anayeibishia, na mwaka 2021 iliuzwa mnadani kwa dola 396,000. Stika ingekuwa juu ya muhuri, tungesema mtoto kaibandika.

Kosa dogo ninalolipenda ni la mkunjo. Karatasi ikijikunja wakati wa kuchapwa, wino haufiki ndani ya kunjo. Ukiivuta taratibu unaona mstari mweupe, na mchoro unaendelea sawasawa pande zote mbili za mstari. Mkunjo wa pochi hauko hivyo: wino umechakaa au kupasuka, lakini hakuna nafasi iliyoongezeka. Tumia kioo cha kukuzia na mwanga wa dirishani. Tochi ya simu hung'aza mno.

Ukiona kivuli cha uso kwenye mgongo, tazama kama kimegeuka kinyumenyume. Wino mbichi uliohamia kutoka kwenye mtambo huacha picha iliyogeuka. Doa lisilo na mchoro ni chai tu, au kalamu iliyovuja.

Muhuri wa kijani uliogeuka njano au bluu? Kemikali hiyo. Kuna pia wanaoufuta kabisa ili noti ionekane ilirukwa na mtambo, lakini namba na mihuri hugandamizwa kwa nguvu, na alama yake mara nyingi hubaki upande wa pili. Lalisha noti chini ya mwanga wa pembeni uitafute.

Kingo zisizolingana zimejaa mitaani, usihangaike nazo. Zikianza kuonyesha kipande cha noti ya jirani, hapo tuongee. Na nyota mwishoni mwa namba si kosa: ni noti iliyowekwa kufidia iliyoharibika kiwandani, na nyingi hazizidi thamani yake ya kawaida.

Ukipata inayokushawishi, usiioshe wala kuipiga pasi, hata kama imekunjamana. Iweke kwenye mfuko laini wa plastiki usio wa PVC (aina ya plastiki inayoweza kuiharibu noti), ipige picha pande zote, kisha utafute bei za noti kama hiyo ambazo zimeshauzwa. Bei anayoiomba muuzaji kwenye tangazo lake ni ndoto zake mwenyewe.