Nilipinduka na kayaki nikasahau kamba iko wapi

Tangu klabu zihamie kwenye mabwawa ya ndani kwa ajili ya baridi, barua zenu karibu zote ni za kayaki, kwa hiyo safu ya leo nzima nimeitolea huko. Ya kwanza nimeiacha ndefu kama ilivyokuja maana najua si huyu kijana peke yake.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi nasoma hapa Sheffield, kwetu ni Mwanza. Mwezi wa kumi nilijiunga na klabu ya kayaki, tunafanya mazoezi kila Jumatano usiku kwenye bwawa la ndani. Kuogelea najua, nimekulia ziwani. Sasa juzi wakanivalisha ile sketi ya mpira inayofunika tundu la kukalia, wakaniambia nipinduke halafu nitoke. Nilivyofika chini akili ikaruka kabisa, nikasahau kamba ya kuivutia sketi itoke iko wapi, nikawa navuta vuta tu, maji yakaingia puani mpaka kochi akanigeuza. Wenzangu watatu tulioanza siku moja wameshaanza kujaribu roli, yaani unapinduka na unajirudisha juu bila kutoka kwenye kayaki. Mimi naona aibu hata kurudi. Niache, au niruke hatua niingie kwenye roli moja kwa moja nisizidi kuachwa? (Msomaji wa Mwanza, Sheffield)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache, na roli isubiri kwanza. Na hiyo aibu itoe, kilichokupata hakina uhusiano na kujua kuogelea. Ziwani ukizama una miguu, unapiga teke unapanda juu, mwili umeshazoea hivyo tangu utoto. Ndani ya kayaki miguu imebanwa, mapaja yamekazwa chini ya sitaha, kichwa kiko chini na maji yanapanda puani, kwa hiyo kile unachokijua kinakuambia piga teke na teke halipo. Waogeleaji wazuri ndio mara nyingi wanapaniki hapo, kwa sababu wana kitu cha kutegemea na kimekataa kufanya kazi.

Jumatano ijayo nenda kwa kochi umwambie wazi, nataka kurudi nyuma, nianze bila sketi. Kochi wa maana atafurahi. Unakaa kwenye kayaki tundu likiwa wazi, mwenzako kasimama pembeni kwenye maji ya kifuani, unapinduka, unahesabu moja mpaka tano pole pole ndio unatoka. Rudia mpaka ile tano ikuchoshe. Nunua na kibanio cha pua, ni kitu cha bei ndogo sana ila nimeona watu wamehangaika miezi kumbe tatizo lao lilikuwa maji ya puani tu, wakishabana pua wanakaa chini wametulia kama wamelala.

Sketi ujifunze nchi kavu. Kaa ndani ya kayaki hapo hapo ukingoni mwa bwawa, vaa sketi, funga macho, tembeza mikono kwenye ukingo wa tundu kuelekea mbele mpaka uikute kamba, isukume mbele kwanza halafu ivute juu. Watu wengi wanavuta kuelekea tumboni, sketi inagoma, ndio wanapaniki. Fanya mara ishirini mkono wa kulia, ishirini wa kushoto. Na kila ukifunga sketi, KILA mara, angalia kamba iko nje na iguse kwa mkono. Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili nilifunga sketi nikiwa napiga soga, kamba ikabaki ndani, nikapinduka kwenye bwawa lile lile nililolizoea na hapakuwa na cha kuvuta. Nilitoka kwa kukunja goti kwa nguvu mpaka sketi ikaachia pembeni. Tangu siku hiyo hata mtu akiniongelesha simjibu mpaka nimeishika kamba.

Ukishazoea, mtiririko ni huu: unainama mbele kama unataka kubusu sitaha (kuinama kunakinga uso na mgongo, ukiegemea nyuma unauanika uso kwa mawe), unapiga tumbo la kayaki kwa viganja mara tatu, paa paa paa, unatafuta kamba, unasukuma unavuta, mikono inarudi kwenye ukingo karibu na nyonga, halafu unasukuma kama unavua suruali iliyobana. Usikimbilie kuinua kichwa, wacha mwili uende kama unapiga kichwangomba. Yote haya ni sekunde chache. Zile paa tatu kuna watu wanaziona za mapambo, lakini ndizo zinazoituliza akili na ndizo zinazomwambia mwenzako kwamba unahitaji msaada.

Kutoka hapo, kabla ya roli, omba mfundishwe kuokolewa kwa omo, yaani ncha ya mbele ya kayaki ya mwenzako. Unapinduka, unapiga tumbo la kayaki, unaacha mikono yote miwili nje ya maji unaipeleka mbele na nyuma pembeni mwa chombo, mwenzako anakuja taratibu mpaka omo ya kayaki yake inagusa mkono wako, unaishika, unajigeuza. Hili nalipenda kuliko mazoezi yote ya bwawani. Kwanza linakulazimisha usubiri chini huku umetulia, halafu linakufundisha kuwaangalia wenzako, maana kesho wewe ndiye utakuwa unakwenda kumfuata mtu. Na zaidi, hapo ndipo unajifunza kuzungusha kiuno, na kiuno ndio roli yenyewe.

Shika ukingo wa bwawa kwa mikono miwili, ulalie sikio kwenye maji, uiache kayaki ikulalie ubavuni. Sasa usivute kwa mikono. Vuta juu goti la upande wa chini, lile la upande wa sikio lililo majini, la juu lilegeze, zungusha nyonga. Utaiona kayaki inarudi sawa chini yako wakati kichwa bado kimelala kwenye maji, halafu mwili unafuata, na kichwa kinakuja mwisho kabisa. Mwisho! Kichwa cha mtu mzima ni kama kilo tano, ukikinyanyua kwanza nyonga zinageuka upande mwingine na chombo kinakurudia. Kochi wangu alikuwa ananiwekea sponji kati ya sikio na bega, ikidondoka narudia. Wiki tatu nzima sikushika kafi kabisa, nilikuwa na ukingo na sponji tu, na siku niliyopewa kafi roli ilikuja mara ya nne.

Ukifika huko wenyewe watakuonyesha: kafi unalilaza sambamba na kayaki, unalitoa juu ya maji, unalifagia nje kwa nusu duara huku mwili unalifuata na macho yanaangalia jani la kafi (ile ncha yake pana), nyonga inapiga, kichwa kinamalizia. Kitu kimoja tu nakuomba, viwiko vibaki karibu na mbavu. Mkono ukinyooka juu ya kichwa huku maji yanakuvuta, bega linachomoka, na bega likishachomoka mara moja halikusahau tena.

Hao wenzako watatu waache wajaribu. Ila jua roli ilitoka wapi. Wawindaji Wainuit wa Greenland walikuwa wanavaa vazi la ngozi lililofungwa mpaka kwenye tundu la kayaki, maji ni ya barafu, wengi wao hata kuogelea hawakujua, kwa hiyo kutoka halikuwa jambo la kufikiria. Ndio maana walikuwa na roli za kila namna, za kafi zima, za kafi limekwama, za mkono mtupu. Mzungu wa kwanza anayetajwa kuijifunza ni Mwaustria, Edi Hans Pawlata, mwaka 1927, na roli moja inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Wale Wainuit waliipata kwa sababu ya uhai, hakuna aliyekuwa anashindana na wa pembeni yake.

Na bwawa lisikudanganye. Hapo maji ni nyuzi 28 hivi, unaona mpaka vigae vya chini. Mtoni Derbyshire mwezi wa pili yanaweza kuwa nyuzi 5, meusi, yanatembea. Ukiingia tu pumzi inakatika, unahema bila kutaka, na hiyo dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi tu. Baada yake una kama dakika kumi tu ambazo vidole bado vinakusikia. Kwa hiyo hata ukiwa na roli safi bwawani, mara ya kwanza mtoni nenda na watu waliokuzidi uzoefu, vaa nguo za maji baridi na laifujaketi, na ukikosa roli moja vuta kamba utoke, hakuna aibu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini hakuna aliyesema uyaoge peke yako. Niandikie ukishatoka na sketi mara kumi.

SWALI: Anti habari za kazi. Binti yangu ana miaka 11, tuko Minneapolis, anataka kuingia mazoezi ya kayaki ya bwawani winta hii. Nimnunulie kayaki? Helmeti ya nini kwenye bwawa? Na nywele kasukwa, klorini itaziharibu? (Mama Binti)

JIBU: Nzuri dada. Kayaki usinunue, atakua utajuta, klabu nyingi zinazo za kuazimisha. Kama mtapewa kayaki kutoka nje lazima ioshwe ndani na nje, bwawa halitaki tope wala majani. Helmeti ni kwa ajili ya ukingo na makafi, kayaki kumi kwenye bwawa moja kila mtu anazungusha kafi lake, mtoto anaibuka hajui nani yuko juu yake, mvalishe na usikubali akiambiwa si lazima. Nywele, kabla hajaingia zilowanishe kabisa kwa maji safi ya bomba halafu upake kondishena, zikishalewa maji safi hazinywi sana klorini, na akitoka zioshwe siku hiyo hiyo. Msuko uwe wa kulala bapa, ukiwa na fundo juu helmeti haikai. Na kaa pale ukingoni umwangalie mara ya kwanza anapotoka kwenye kayaki, atakutafuta kwa macho.

SWALI: Niko Nairobi, maji yetu si ya baridi. Marafiki wanataka kwenda kayaki Sagana na baadaye Jinja. Kuna haja ya bwawa kweli? (Kijana wa Tana)

JIBU: Ipo, kaka. Baridi ni sababu moja tu ya bwawa. Nyingine ni kwamba maji ya mto Tana huko Sagana ni ya kahawia, ukiwa chini huoni hata mkono wako, sasa utajuaje jani la kafi limelala au limesimama? Bwawani kochi anaona kosa na wewe mwenyewe unaliona. Ongea na meneja wa bwawa la hoteli au shule, mwombe saa ambazo hakuna waogeleaji, umwahidi kayaki zimeoshwa na ncha zake hazitagonga vigae, na uitimize hiyo ahadi ili wanaokuja baada yako wasifungiwe mlango. Kule Jinja, Uganda, mto Nile una maji mengi mno, mporomoko mmoja unaweza kukuviringisha ukahisi umekaa humo mwaka, ila chini ya mingi kuna maji mapana yaliyotulia, ukishajua kutoka na kungoja omo bwawani utapafurahia sana. Maji ya huko yana kichocho, kwa hiyo ukirudi zungumza na daktari kuhusu kipimo na dawa ya praziquantel, usisubiri mpaka uone damu kwenye mkojo.