Dadu zinakwamisha hadithi, tukiziacha wanasema naamua mimi: jibu kwa kikundi cha Shangani, Mtwara

Mkuu, umeuliza ufanyeje na wachezaji wako watano katika mchezo wenu wa hadithi, ule ambao msimulizi anaeleza tukio, kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na dadu zinaamua kama amefaulu: ukirusha dadu kwa kila jambo hadithi inakwama, ukiziweka pembeni wanasema msimulizi unaamua peke yako. Malalamiko yote mawili yana mzizi mmoja: dadu zinarushwa kabla mezani hapajajulikana kinachogombewa.

Kabla ya kurusha, tamka mambo mawili wote wasikie: akipata inakuwaje, akikosa inakuwaje. Kama akikosa hakuna kinachobadilika, au atajaribu tena tu, usirushe. Nahodha anayekunja tanga Mikindani bahari ikiwa shwari hahitaji dadu. Akilikunja kusi limekaza na mashua ya askari iko nyuma yake, rusha.

Kosa kubwa zaidi ni kuufungia uzi wa hadithi nyuma ya dadu. Tuchukue hiyo safari yenu ya jahazi kwenda Kilwa Kisiwani. Barua imefichwa Husuni Kubwa, lile jumba la kale la kisiwani, karibu na hodhi lake la pande nane, nawe umeweka vizuizi vitatu: kumlaghai mlinzi, kuona alama ukutani, kufungua kasha. Hata kila kimoja kikiwa na nafasi ya 60 kwa 100, kuvuka vyote ni 0.6 × 0.6 × 0.6, yaani kama 22 kwa 100. Karibu mara nne kati ya tano barua haipatikani! Hapo ndipo unapoanza kudondosha vidokezo vya huruma, nao wanaona wanaburuzwa. Atakayekwenda kutafuta mahali sahihi mpe barua. Dadu ziamue imemgharimu nini.

Kwa kazi hiyo dadu mbili za ludo zinatosha. Jumla ya 2 hadi 6, mambo yanaharibika na hatari mpya inaingia. 7 hadi 9, anapata lakini analipa. 10 kwenda juu, anapata bila deni. Katika matokeo 36 mgawanyo ni 15, 15 na 6. Mwenye nyongeza ya 1, yaani anayeongeza 1 kwenye jumla kwa kuwa mhusika wake ni hodari wa jambo hilo, anakuwa na 10, 16 na 10. Mwenye 2 ana 6, 15 na 15. Ishia hapo. Ukimpa 3, matokeo mabaya yanabaki matatu tu kati ya 36, na mchezaji asiyeogopa kitu huanza kuchezea simu.

Malipo ya 7 hadi 9 yaonekane mezani. Weka korosho sita kwenye kisahani. Kila deni linaondoa moja, zikiisha askari wamefika. Tumia ghafi zenye maganda. Za kukaanga zitaliwa kabla askari hawajapanda ngazi. Faida ya kisahani ni kwamba hakuna atakayesema umewaleta askari kwa kukurupuka, maana kila mtu ameziona zikipungua.

Kama mnataka kubaki na mfumo wa dadu ya pande 20 na hamna dadu yenyewe, tumieni karata: kopa kuanzia ree hadi kumi ni 1 hadi 10, shupaza ree hadi kumi ni 11 hadi 20. Iliyochomolewa irudishwe na zichanganywe kila mara. Msiporudisha, mwenye kumbukumbu nzuri atajua kubwa zimeshatoka na atasubiri zamu yake kwa hesabu.

Mapigano nayo yanakula usiku. Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii uliotoka 1974, ulizaliwa na michezo ya vita ya mezani, ndiyo maana kanuni zake nyingi ni za kupigana. Wachezaji watano na maadui wanne ni zamu tisa. Kila zamu dakika mbili, mzunguko mmoja ni dakika 18, minne ni dakika 72. Kwa kikao cha saa tatu hiyo ni asilimia 40. Usipunguze nguvu za adui kwa siri. Mpe shabaha: anataka barua, hataki kufa. Akishaipata, au wenzake wawili wakianguka, anakimbilia ufukweni, na sasa wachezaji ndio waamue kama wamfukuze au wawahi jahazi maji hayajatoka.

La mwisho: rusha dadu zako hadharani, hata za maadui. Ukizirusha nyuma ya daftari, lile neno la kwamba unaamua wewe halitaisha. Na kama tokeo fulani hauko tayari kulipokea, mfano nahodha kufa kikao cha kwanza, usiliweke kabisa kwenye dadu.